Nyumba za umma na nyumba za ruzuku jijini New York

Mara nyingi mno Co-op City, ule mtaa mkubwa wa maghorofa ulioko Bronx, hutajwa kuwa ni nyumba za umma, kwa sababu tu serikali ilisaidia kuujenga.

Nyumba za umma ni zile zinazomilikiwa na chombo cha umma, ambacho ndicho mwenye nyumba wa kila mpangaji. New York chombo hicho ni Mamlaka ya Nyumba ya Jiji, iliyoundwa mwaka 1934 na kufungua First Houses za Manhattan mwishoni mwa 1935. Nyumba za ruzuku zina mmiliki mwingine, awe mtu, kampuni au ushirika, naye hupunguziwa gharama na serikali kwa sharti la kuwapunguzia wakazi.

Mfano mkubwa wa aina hii ya pili ulitokana na sheria ya jimbo ya mwaka 1955, inayojulikana kwa majina ya wabunge wawili walioipeleka, MacNeil Mitchell na Alfred Lama. Ililenga familia za kipato cha kati, zilizozidi kiwango cha kuingia nyumba za umma lakini zikashindwa pango la soko. Wajenzi walipata mikopo ya muda mrefu yenye riba ndogo pamoja na nafuu ya kodi ya majengo, nao wakakubali faida yao iwekewe kikomo. Linalosahauliwa, nalo ndilo zito kuliko yote, ni kwamba sharti hilo lilikuwa na mwisho: kwa majengo mengi, mmiliki aliruhusiwa kumaliza deni na kujitoa baada ya miaka 20, na maelfu ya nyumba zimekwisha kutoka kwa njia hiyo. Majengo ya Mamlaka ya Nyumba hayana mlango wa namna hiyo.

Co-op City, iliyojengwa chini ya sheria hiyo, ni ushirika wenye nyumba 15,372, ambao wakazi wake wa kwanza waliingia mwaka 1968 kwa kununua hisa. Huenda kinachowachanganya watu ni mgomo wa 1975 na 1976, wakazi walipozuia malipo ya kila mwezi kwa miezi 13 kupinga kupandishwa kwake, wakavutana na wakala wa jimbo wa fedha za nyumba. Wakala huo ulikuwa unadai mkopo, haukumiliki majengo. Na mgomo ulipokwisha, wakazi ndio walioshika uongozi wa ushirika.

Kwa hiyo ni sahihi kuiita Co-op City nyumba za ruzuku, au za bei nafuu. Anayetaka kutaja nyumba za umma za Bronx ataje Patterson Houses au Castle Hill.