Feni ya jiko la peleti ikipiga kelele, usikimbilie mafuta

Wengi wenye majiko ya peleti, yale yanayochoma vijiti vya unga wa mbao ulioshindiliwa, huamini kwamba feni ikianza kulia dawa yake ni kupuliza mafuta ya kulegeza kutu kwenye mota. Kelele hunyamaza siku mbili tatu, kisha hurudi na nduguze. Mafuta hayo ni mepesi mno: huyeyusha grisi iliyokuwa ndani ya beringi, yaani vishikizo vinavyowezesha mhimili wa mota kuzunguka kwa ulaini, na unyevu unaobaki hunasa vumbi. Isitoshe, mota nyingi zina beringi zilizofungwa, hazihitaji kutiwa kitu. Ukikuta vitundu vya mafuta, hapo sawa: matone machache ya mafuta ya mashine, aina inayotajwa kwenye kitabu cha jiko.

Mara nyingi mkosaji ni uchafu. Feni inayosukuma hewa ya joto chumbani hushika vumbi na manyoya. Ile ya kutoa moshi hushika majivu. Mapanga yakilemewa upande mmoja, feni huyumba, na mota iliyozibwa hupata joto kupita kiasi.

Chomoa umeme, jiko lipoe kabisa, kisha piga brashi kila panga. Ukitumia hewa ya kupuliza, zuia feni kwa kidole isizunguke. Feni ya moshi ukiifungua, weka gasketi mpya, yaani kile kizibo bapa cha kwenye maungio. Ikivuja, kaboni monoksaidi, gesi ya sumu, huingia ndani. Sasa izungushe kwa mkono. Ikikwaruza hata baada ya kusafishwa, beringi zimekwisha.