Ukiulizwa Umekula Nini, Sema: Kasa, Sumu ya Mwani na Daftari la Wagonjwa

Tangu tuanze kupita shehia kwa shehia na kampeni ya kuripoti maradhi yatokanayo na vyakula vya baharini, malalamiko yanayotufikia zaidi hayahusu dawa wala gari la wagonjwa. Yanahusu maswali. "Mtoto atapika, nyinyi mwauliza jana kala nini, kala kwa nani, nani mwengine kala. Utadhani kituo cha polisi." Bibi mmoja wa hapa Pemba aliniambia hivyo uso kwa uso, na sikumlaumu. Ila naomba nimjibu kwa maandishi, maana maswali yale ndiyo kazi yenyewe.

Machi 2024, Kisiwa Panza, wilaya ya Mkoani, nyama ya kasa ililiwa Jumanne. Hadi mwisho wa wiki watoto wanane walikuwa wamefariki, na mtu mzima mmoja, mama wa mmoja wa watoto hao. Watu 78 walilazwa. Kabla ya hapo, Novemba 2021, Pemba hii hii, watu saba walikufa kwa nyama ya kasa, mmoja wao mtoto wa miaka mitatu. Sidhani kuna haja ya kuongeza chumvi kwenye habari hizo.

Watu huniuliza mwani unaingiaje hapa. Unaingia kwa njia ya chakula. Kasa mwenyewe hana sumu kama samaki bunju. Anachokula ndicho kinachodhaniwa kumtia sumu: majani ya baharini na sifongo ambavyo juu yake huota vijimea vidogo vya mwani, vingine vikiwa vya jamii ya sianobakteria (bakteria wanaofanana na mwani), vinavyoonekana kama nywele za kijani-nyeusi au kahawia zilizogandamana. Kasa hula, sumu hujikusanya mwilini mwake, yeye haumwi. Anayeumwa ni mwenye sahani. Sumu hiyo wataalamu wanaiita kelonitoksini, jina ambalo kusema kweli linatusitiri aibu tu, maana tafsiri yake ni "sumu ya kasa" na halisemi zaidi ya hapo. Dalili nzuri ya asili yake ilipatikana Madagaska, ambako nyama ya kasa iliyoua watu miaka ya 1990 ilipopimwa ilikutwa na lingbiatoksini A, sumu inayotengenezwa na sianobakteria aitwaye Lyngbya.

Kabla hatujaendelea: hapa sizungumzii mwani unaolimwa. Mwani wa Paje, Jambiani na huku kwetu, ule wa kamba na vigingi, hauhusiki na vifo hivi. Nimesikia mnunuzi akiteremsha bei kwa kisingizio hicho. Ni kisingizio.

Sasa dawa. Hakuna. Hakuna sindano inayoiondoa sumu hii mwilini. Hospitali humsaidia mgonjwa kwa maji, kupumua na kutuliza dalili hadi mwili uishinde, au ushindwe. Kupika hakuisaidii nyama. Nimeshaambiwa kuhusu kumwaga maji ya kwanza, kuhusu ndimu, kuhusu ukwaju, kuhusu kuchemsha toka alfajiri hadi adhuhuri. Hapana. Sumu haivunjiki kwa moto wa jikoni, na nyama yenye sumu haina harufu wala rangi wala ladha ya kuitambulisha. Kumtupia kunguru ini uone kama atakula si kipimo. Paka si maabara. Na hoja ninayoichukia kuliko zote, "sisi twala kasa toka enzi za mababu hatujafa," haina maana yoyote, kwa sababu si kila kasa ana sumu. Ndiyo maana inaua: kumi wanaliwa salama, wa kumi na moja anazika watoto.

Nirudi kwenye maswali.

Mgonjwa anapofika kituoni na dalili zisizo za kawaida, au wanapofika wawili watatu wa mtaa mmoja kwa siku moja, mhudumu anatakiwa kutoa taarifa papo hapo kwa timu ya afya ya wilaya, bila kusubiri majibu ya maabara na bila kusubiri mtu afe. Taarifa hupanda kutoka wilaya kwenda juu. Chini ya Kanuni za Afya za Kimataifa za 2005, nchi hupewa saa 48 kutathmini tukio la aina hii, na likionekana linaweza kuwa la hatari kimataifa, saa 24 nyingine kulitangaza kwa Shirika la Afya Duniani. Nayataja masaa haya kwa sababu yanaanza kuhesabiwa kituoni, si wizarani. Familia ikificha kwa siku mbili, tumeshapoteza siku mbili.

Timu ikifika, hufungua orodha ya wagonjwa. Ni jedwali tu: jina, umri, jinsia, nyumba, saa ya kula, saa ya dalili ya kwanza, dalili gani, alikula sehemu gani ya mnyama, kiasi gani, yuko wapi sasa. Mgonjwa hupangwa katika daraja. Anayeshukiwa ni mwenye dalili bila historia ya mlo iliyothibitika. Anayehusishwa ni mwenye dalili na amekula nyama ile ile waliyokula wengine walioumwa. Aliyethibitishwa anahitaji sampuli, na hapo ndipo tunapokwama mara nyingi, nitaeleza. Daraja hizi hazibadilishi matibabu ya mtu. Zinabadilisha tunachoweza kukisema hadharani bila kukisia.

Kinachowaudhi watu zaidi ni kwamba tunawauliza hata wazima. "Mimi siumwi, waniandika wa nini?" Tunakuandika kwa sababu wewe ndiye ushahidi. Tuseme nyumba tatu zilipata kitoweo. Nyumba mbili zilikula nyama, zote wagonjwa. Ya tatu ilikula wali na dagaa, wote wazima, na nyumba zote tatu zinateka maji kisima kimoja. Bila nyumba ya tatu, kisima kinabaki mshukiwa, kipindupindu kinabaki mshukiwa, na jirani mwenye ugomvi wa shamba anabaki mshukiwa. Hilo la mwisho si mzaha. Nimeona kijiji kikinong'ona jina la mtu siku nzima kwamba ndiye aliyetia sumu chunguni, na kilichomwokoa mtu yule ni jedwali lenye mistari thelathini na kitu.

Njia hii si yetu peke yetu. Mwaka 1979, Palm Island kule Queensland, Australia, watu 148, karibu wote watoto, waliugua ini na figo bila mtu kujua sababu. Madaktari waliuita "ugonjwa wa fumbo". Fumbo lilifumbuliwa baadaye kwa kuangalia nani alikunywa maji ya wapi: wagonjwa walikuwa wa upande uliopata maji ya bwawa moja, na siku chache kabla bwawa hilo lilitiwa salfeti ya shaba kuua utando wa sianobakteria. Seli zilipasuka zikamwaga sumu yote majini. Nani angelikisia hilo? Marekani tangu 2016 wana mfumo unaoandika pamoja wagonjwa binadamu, wanyama waliokufa na hali ya maji yenyewe. Sisi tunaliita wazo hilo Afya Moja, na kwa kisiwa ambacho mvuvi, kasa na mtoto wanakutana kwenye chungu kimoja sioni wazo la busara zaidi.

Sasa sheria, maana najua ndiyo inayofunga midomo. Kasa wote wa baharini, pamoja na aina tano zinazoonekana katika maji yetu, wamo katika Kiambatisho cha Kwanza cha CITES, mkataba wa kimataifa wa biashara ya viumbe vilivyo hatarini kutoweka, na sheria za uvuvi za Bara na Zanzibar zinakataza kuwavua na kuwaua. Kosa halimhusu mwenye jarife peke yake. Anayeuza, anayenunua, anayesafirisha na anayekutwa na nyama, mayai, mafuta au gamba naye anahusika. Adhabu ni faini au kifungo au vyote viwili, na chombo na zana zilizotumika zinaweza kutaifishwa. Kasa aliyenasa kwa bahati mbaya anatolewa wavuni na kurudishwa baharini akiwa hai; akikutwa kashakufa, ofisa uvuvi aarifiwe, na "kafa mwenyewe" hakumhalalishi kuwa kitoweo. Wapo wanaodhani kugawa bure si kosa kwa kuwa hakuna pesa iliyopita. Ni kosa.

Je, ukimwambia daktari kwamba mtoto kala kasa, utakamatwa? Siwezi kuahidi kwa niaba ya vyombo vingine; si kazi ya ofisi yangu kusamehe makosa. Ninachoweza kueleza ni tunachouliza. Tunauliza nani kala, lini, sehemu gani, na mnyama alitoka maji ya upande gani, ili tujue pale baharini pana nini. Hatumuulizi mama mwenye mtoto wa kutundikiwa dripu ni nani aliyekata shingo ya kasa. Orodha ya wagonjwa ni siri ya kitabibu, haibandikwi kwa sheha.

Nakumbuka usiku mmoja, kituo ambacho sikitaji. Kijana wa miaka tisa kalala juu ya mkeka, midomo imekauka, ulimi umejaa vipele vyeupe, anajikuna shingo huku amefumba macho. Mama yake anasema alikula nyama ya ng'ombe. Namuuliza tena, ng'ombe. Mara ya tatu, ng'ombe. Mganga wa zamu alikuwa ameshaandika malaria akingojea kipimo. Kipimo kikatoka hakina kitu. Ni dada wa yule kijana, mdogo kuliko yeye, aliyesema kwa sauti ya kawaida kabisa, "Ng'ombe wa baharini." Tukapeleka watu mtaani usiku ule ule, tukakuta nyumba nyingine nne zina mabaki kwenye masufuria, mbili zimeyaweka kuwa daku.

Kwa hiyo ishike hii picha: mdomo na koo kuwaka, kutapika, kuumwa tumbo, kujikuna, vidonda au vipele vya ulimi, kisha usingizi mzito usio wa kawaida. Huanza saa chache baada ya kula, lakini pia huweza kuchelewa siku kadhaa, hadi wiki. Hiyo ndiyo tofauti kubwa na bunju, ambaye ganzi yake ya midomo na kulegea viungo huja haraka. Ukikaa siku ya pili mzima usijipe ushindi. Mtoto anayelala sana baada ya mlo ule hapumziki, mpeleke. Na mama anayenyonyesha aliyekula, hata kama yeye hajisikii lolote, aende na mtoto wake kituoni na amuulize daktari kabla ya kumrudisha kifuani. Sumu hupita kwenye maziwa. Kwingineko duniani wachanga wamekufa huku mama wakiwa na dalili ndogo tu.

Lipo jambo la pili, ambalo halina jeneza na kwa hiyo halina msikilizaji. Wakulima wa mwani, karibu wote kina mama, wanaingia majini wakati wa bamvua na kutoka wakiwashwa mapaja, macho mekundu, wengine ngozi imechubuka. Wakija kwetu husema "ni kawaida ya bahari" na wahudumu wetu, nasema kwa masikitiko, huwaitikia. Huenda si kawaida. Mwaka 1958 kisiwani Oahu, Hawaii, watu 125 walitoka baharini na ngozi zinazoungua, na aliyepatikana na hatia ni Lyngbya yule yule. Nywele zake huota kwenye kamba za mwani wetu pia maji yakipata joto. Sisemi kila muwasho ni yeye. Upo wa jua, wa chumvi, wa yavuyavu. Nasema kwamba muwasho usioandikwa hauwezi kulinganishwa na kitu chochote. Ukiandikwa, tukaona wanawake wengi wa ufukwe mmoja wameungua wiki moja, tunajua sumu iko wapi kabla kasa hajaila. Basi mwambie mhudumu tarehe, ufukwe, na kama kamba zilikuwa na zile nywele. Usizing'oe kwa mikono mitupu.

Nimalizie sampuli, nilikoahidi. Tunakwama kwa sababu mabaki yanatupwa chooni au kuzikwa kwa hofu kabla hatujafika. Kama yamebaki, usiyatupe na usimpe mnyama. Chukua kipande cha kiganja kimoja, cha nyama mbichi kama ipo, na cha iliyopikwa, kila kimoja kwenye mfuko wake safi, ufunge, uandike siku na saa. Mfuko uwekwe barafuni. Usitie chumvi, usikaange, usianike. Tukipewa ng'onda hatuna la kupima. Osha mikono. Mpe mhudumu wa kituo au sheha, naye ataufikisha wilayani na kutoka hapo maabara ya Mkemia Mkuu. Majibu huchelewa, na wakati mwingine hurudi bila jina la sumu, kwa sababu hakuna kipimo cha kawaida cha kelonitoksini. Tunapima kuondoa washukiwa wengine na kuhifadhi kilichobaki. Barafu ya samaki ya dikoni inatosha. Kama ni usiku na hakuna barafu, mpeleke mgonjwa kwanza, nyama itafuatwa asubuhi.