Uchunguzi wa hataza ya mbinu: mfano wa unga wa kathodi ya betri za lithiamu

Hataza ni haki ambayo dola humpa mvumbuzi ya kuwazuia wengine wasitengeneze, wasitumie wala wasiuze uvumbuzi wake bila ridhaa yake, kwa kawaida kwa muda wa miaka 20 kuanzia siku ombi lilipowasilishwa. Mvumbuzi naye hulipia haki hiyo kwa kuueleza uvumbuzi wake hadharani, kwa ukamilifu unaomwezesha mtu mwingine wa fani hiyo kuutekeleza. Wengi huichanganya na hakimiliki, ambayo hulinda vitabu, nyimbo na programu za kompyuta na ambayo haihitaji kuombwa. Hataza huombwa, na kabla ya kutolewa huchunguzwa. Uchunguzi huo ndio mada ya makala haya, na nimechagua kuueleza kupitia bidhaa moja ambayo karibu kila msomaji anayo mfukoni bila kuiona, yaani unga wa kathodi ulio ndani ya betri ya simu.

Betri ya ioni za lithiamu ina pande mbili. Upande mmoja, ule wa anodi, aghalabu ni grafiti iliyopakwa juu ya utando wa shaba. Upande wa pili, yaani kathodi, ni unga mweusi uliopakwa juu ya utando wa alumini. Betri inapochajiwa, ioni za lithiamu hutoka katika unga huo na kwenda kujificha ndani ya grafiti, na inapotumika hurudi zilikotoka. Unga wa kathodi ndio unaobeba lithiamu, na katika aina nyingi hubeba pia nikeli, manganizi na kobalti, metali ambayo sehemu yake kubwa duniani huchimbwa Lualaba na Katanga ya Juu, mikoa ya Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo, katika miji kama Kolwezi ambako Kiswahili ndicho lugha ya sokoni na mgodini. Kwa sababu ya metali hizo, unga huu mara nyingi ndio sehemu ghali kuliko zote katika betri, na ndiyo maana kila kiwanda hutafuta namna ya kuutengeneza inayompita jirani.

Namna yenyewe, ikitazamwa kwa karibu, si ya kustaajabisha. Salfeti za nikeli, kobalti na manganizi huyeyushwa katika maji, kisha maji hayo hudondoshwa polepole ndani ya pipa kubwa linalokorogwa bila kukoma, pamoja na soda kali na amonia, huku kiwango cha pH kikishikiliwa karibu na 11. Metali hizo huganda kuwa chembe, na chembe hukua kuwa vijitufe vyenye upana wa maikromita chache tu. Vijitufe huoshwa, hukaushwa, huchanganywa na haidroksidi au kaboneti ya lithiamu, hujazwa katika masanduku ya kauri, na masanduku hayo husukumwa taratibu kupita katika tanuri refu. Lugha za Ulaya huiita hatua hiyo ya mwisho kwa neno lililotokana na jina la Kilatini la chokaa. Sisi watu wa pwani, ambao wazee wetu walichoma matumbawe kupata chokaa ya kujengea, hatuhitaji neno la kuazima, kwa kuwa kuchoma kunatosha.

Kila hatua hapo ina tarakimu zake: pH, joto, muda, kasi ya kukoroga, kiasi cha oksijeni, uwiano wa lithiamu kwa metali nyingine. Hapo ndipo ugumu wa uchunguzi unapoanzia. Mashine mpya huonekana kuwa mpya kwa umbo lake, lakini mbinu mpya ya kutengeneza unga mara nyingi hufuata hatua zilezile ambazo dunia imekuwa ikizifuata kwa miongo mitatu, na tofauti iliyopo ni ya namba tu.

Tuseme kampuni moja ya kufikirika imewasilisha ombi lenye dai hili: mbinu ya kutengeneza oksidi ya lithiamu, nikeli, kobalti na manganizi, ambamo haidroksidi ya metali hizo tatu huchanganywa na haidroksidi ya lithiamu, na mchanganyiko huchomwa ndani ya oksijeni kwa nyuzi 740 hadi 760 za sentigredi kwa muda wa saa 10 hadi 14. Sentensi hiyo moja ndiyo dai, na dai ndilo uzio wa shamba, yaani mpaka wa kile ambacho wengine watazuiwa kukifanya. Kurasa nyingine zote za ombi, pamoja na picha na majedwali yake, zipo ili kulieleza na kuliunga mkono.

Mchunguzi huanza kwa kusaka. Hutumia alama za uainishaji wa kimataifa, kama H01M 4/525 kwa elektrodi za oksidi zenye kobalti au nikeli na C01G 53 kwa misombo ya nikeli, na husoma kila kilichokwisha kutangazwa kabla ya tarehe ya kipaumbele ya ombi, yaani tarehe ya ombi la kwanza kabisa lililohusu uvumbuzi huo. Lugha haijalishi. Katika fani hii nyaraka nyingi muhimu zimeandikwa kwa Kijapani, Kikorea na Kichina, na makala ya jarida au tasnifu ya mwanafunzi ina nguvu sawa na hataza iliyotangulia.

Tuseme amepata waraka wa zamani unaoeleza mbinu hiyohiyo, ila joto lake linasemwa kuwa kati ya nyuzi 700 na 850, na majaribio yaliyoripotiwa yalifanywa kwa nyuzi 700, 800 na 850. Je, dai la 740 hadi 760 ni jipya? Msomaji wa haraka atasema hapana, maana 750 imo ndani ya 700 na 850. Ofisi ya Hataza ya Ulaya, hata hivyo, huuliza maswali mawili: je, kipande kilichochaguliwa ni chembamba kikilinganishwa na kile kipana kilichojulikana, na je, kiko mbali vya kutosha na mifano iliyofanywa kweli? Hapa ni nyuzi 20 ndani ya 150, na mfano ulio karibu zaidi uko nyuzi 40 kando, hivyo dai linaweza kuvuka kizingiti cha upya. Laiti waraka ule ungekuwa na jaribio moja tu la nyuzi 750 kwa saa 12 lenye viambato vilevile, dai lingekufa papo hapo, hata kama mwandishi wake hakutambua thamani ya alichokifanya.

Upya ndio mlango wa nje tu. Mlango mgumu ni wa pili, unaoitwa hatua ya uvumbuzi, na hapo mchunguzi humwita mtu wa kufikirika, fundi wa fani mwenye ujuzi wa kawaida, aliyesoma kila kitu lakini asiye na ubunifu wa pekee. Fundi huyu anajua kwamba unga wenye nikeli nyingi ukichomwa kwa joto kali mno hupoteza lithiamu kama mvuke, na nikeli huingia katika nafasi za lithiamu kwa sababu ioni zake zinakaribiana kwa ukubwa. Anajua pia kwamba joto likiwa dogo mno fuwele haikamiliki. Basi akipewa waraka wa nyuzi 700 hadi 850, kupanda na kushuka ndani ya kipimo hicho akitafuta joto zuri ni kazi yake ya kila siku, na kazi ya kila siku haipewi hataza. Kiswahili hubainisha jambo hili kwa urahisi kuliko lugha nyingi: swali halihusu kama fundi angeweza kuchoma kwa nyuzi 750, kwa kuwa bila shaka angeweza, swali ni kama angefanya hivyo, akitarajia nini.

Kinachoweza kuliokoa dai ni tokeo lisilotarajiwa. Baada ya kuchomwa, juu ya vijitufe hubaki mabaki ya lithiamu yenye ubesi mkali, na unga wenye mabaki mengi ukichanganywa na gundi na kimiminika chake ili upakwe kwenye alumini, rojo lake huganda kama uji uliosahauliwa jikoni. Viwanda huepuka hilo kwa kuuosha unga na kuuchoma upya, jambo lenye gharama. Tuseme mwombaji anaonyesha kwamba kati ya nyuzi 740 na 760 mabaki hayo hushuka ghafla, kiasi kwamba kuosha hakuhitajiki, ilhali kwa 720 na 780 yapo mengi kama kawaida. Hilo fundi asingelitarajia, na dai sasa lina miguu ya kusimamia.

Mchunguzi mzuri bado hataridhika, na kwa maoni yangu hapa ndipo ustadi wake unapojulikana. Atalisoma jedwali la majaribio mstari kwa mstari. Akikuta kwamba unga wa nyuzi 780 ulitengenezwa kwa kaboneti ya lithiamu na ule wa 750 kwa haidroksidi, atauliza ni kipi hasa kilicholeta tofauti, joto au aina ya lithiamu iliyotumika, na ulinganisho huo atautupa. Akikuta kwamba majaribio yote yalifanywa kwa unga ambao nikeli ni asilimia 80 ya metali zake tatu, wakati dai halitaji asilimia yoyote, atasema tokeo limeonyeshwa katika kona moja ya shamba, kwa hiyo uzio usogezwe. Mwombaji anaweza kujibu kwa kulipunguza dai. Asichoweza ni kuingiza katika maelezo kitu ambacho hakikuwamo siku ombi lilipowasilishwa. Majaribio ya baadaye anaweza kuyaleta kama ushahidi, lakini kwa uamuzi G 2/21 wa mwaka 2023 wa Bodi Kuu ya Rufaa ya Ofisi ya Ulaya, tokeo analolitegemea lazima liwe lile ambalo fundi angelitambua katika ombi la awali.

Kuna sharti la tatu ambalo katika mbinu za kemia huangusha wengi: maelezo yatoshe. Mchunguzi hana tanuri ofisini. Hachomi chochote, anachokipima kipo kwenye karatasi tu, na anajiuliza kama fundi mwenye karatasi hiyo mkononi angefika alikofika mwombaji bila kuhangaika kupita kiasi. Ombi likisema vijitufe viwe na ukubwa wa wastani wa maikromita 10 bila kutaja ni wastani wa namna gani na umepimwa kwa kifaa gani, au likisema oksijeni ipitishwe kwa wingi bila kueleza kwa kasi ipi katika tanuri la ujazo upi, shaka huanza. Baadhi ya waombaji huacha mapengo hayo kwa makusudi, wakitaka hataza na siri kwa pamoja. Sheria haikatazi kuwa na siri, ila haitoi hataza kwa ajili yake.

Matumizi viwandani, sharti la mwisho, hayana utata hapa, kwa kuwa mbinu hii ni ya kiwandani tangu mwanzo.

Swali ambalo mtu angeweza kuuliza ni kwa nini mtu aombe hataza ya mbinu badala ya hataza ya unga wenyewe. Jibu ni kwamba unga aghalabu unajulikana tayari. Oksidi ya lithiamu na kobalti ilielezwa Oxford mwaka 1980 na John Goodenough, Koichi Mizushima na wenzao. Chuo hakikutaka kugharimia hataza, ikachukuliwa na mamlaka ya nishati ya atomiki ya Uingereza kupitia kituo chake cha Harwell, na Goodenough mwenyewe hakupata mrabaha. Sony ilipoingiza betri hizo sokoni mwaka 1991, sehemu kubwa ya muda wa hataza ilikuwa imekwisha kupita. Dutu ikishajulikana, njia za kuifikia ndizo zinazobaki wazi kwa wavumbuzi wapya. Na kuandika dai la unga kwa kuueleza kupitia mbinu yake, kwa maneno kama “unga uliopatikana kwa mbinu ya dai la kwanza,” hakusaidii sana, maana mchunguzi wa Ulaya huutazama unga wenyewe, na ukiwa ni uleule wa zamani, njia mpya haiufanyi kuwa mpya.

Hataza ikitolewa, mjadala haufungwi. Mbele ya Ofisi ya Ulaya mtu yeyote ana miezi tisa ya kuweka pingamizi, na Chuo Kikuu cha Texas kilionja hilo pale hataza yake ya Ulaya kuhusu fosfeti ya chuma na lithiamu, nyenzo nyingine mashuhuri ya kathodi kutoka maabara ya Goodenough, ilipobatilishwa mwaka 2008.

Mbinu ina udhaifu wake pia: ukishika unga mkononi huwezi kuona ulichomwa kwa nyuzi ngapi. Kwa sababu hiyo Mkataba wa TRIPS, ule wa Shirika la Biashara Duniani kuhusu haki za ubunifu katika biashara, katika kifungu cha 34, unaruhusu mahakama kumbebesha mshtakiwa mzigo wa kuthibitisha kwamba hakutumia mbinu iliyolindwa, hasa bidhaa inapokuwa mpya. Kifungu cha 64(2) cha Mkataba wa Hataza wa Ulaya nacho kinapanua ulinzi wa mbinu ufike hadi kwenye bidhaa iliyopatikana moja kwa moja kwayo.

Hataza haivuki mpaka wa nchi ambamo ina nguvu. Kenya, Uganda, Tanzania na Rwanda zinaweza kufikiwa kwa ombi moja kupitia ARIPO, shirika la kanda ya Afrika la miliki ubunifu lililo mjini Harare, ambayo huchunguza kisha huipa kila nchi iliyotajwa miezi sita ya kukataa. Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo haimo katika mfumo huo na ina sheria yake. Hivyo hataza iliyotolewa na Ofisi ya Ulaya, yenye makao yake Munich, haimzuii mtu wa Kolwezi kuchoma unga wake kwa nyuzi 750. Ila unga huohuo ukipakiwa na kuuzwa katika nchi ya Ulaya ambamo hataza hiyo ina nguvu, kifungu cha 64(2) kitakuwa kinaungoja bandarini.