Je, wajua kwa nini panda, ambaye ni dubu, hushinda akila mianzi?

Wageni wengi wanaofika Chengdu, mji mkuu wa jimbo la Sichuan kusini-magharibi mwa China, huwa wamekuja na hamu moja: kumwona panda. Mjini humo kuna kituo cha kuwatafiti na kuwazalisha wanyama hawa, kilichoanza mwaka 1987 na panda sita waliookolewa porini. Mgeni huingia na kamera yake, akamkuta mwenyeji amekaa kitako kama mzee barazani, anatafuna mwanzi. Au amelala. Wengine huondoka wakinung'unika kwamba mnyama mwenyewe ni mvivu. Wamemwonea. Ule si uvivu, ni hesabu.

Panda ni dubu kamili, jamii moja na wale dubu wanaovua samaki na kurarua nyama. Ana meno chonge, na tumbo lake ni la mla nyama: la chumba kimoja, lenye utumbo mfupi. Ng'ombe ana tumbo la vyumba vinne, hucheua, na majani hukaa mwilini mwake siku mbili au tatu yakichachushwa na vijidudu hadi yatoe kila kilichomo. Sokwe wa milima ya Virunga, ambao nao hupenda machipukizi ya mianzi yakianza kuota, wana utumbo mpana wa kufanya kazi kama hiyo. Panda hana chochote cha namna hiyo. Mwanzi aliomeza asubuhi huwa umeshatoka kabla ya siku kwisha, na kati ya ule wote aliokula, mwili hunufaika na chini ya asilimia 20 tu. Kilichobaki hutoka kikiwa bado na rangi ya kijani, hakina hata harufu mbaya, na kimejaa nyuzinyuzi kiasi kwamba kuna waliokitengenezea karatasi.

Sasa ukiwa na mapato madogo hivyo, utaishije? Mtu hujikuna ajipatapo, na panda hujikuna kwa njia mbili.

Ya kwanza ni kula bila kuchoka. Hutumia saa 10 hadi 16 kwa siku akila, na anaweza kumaliza kilo 12 hadi 38 za mianzi, kutegemea kama ni majani, shina au machipukizi yenye maji mengi. Ya pili ni kubana matumizi. Mwaka 2015 wanasayansi waliopima panda wa kufugwa na wa porini walikuta kwamba nishati anayotumia kwa siku ni kama asilimia 38 tu ya ile inayotarajiwa kwa mnyama wa uzito wake. Ubongo, ini na figo zake ni ndogo zikilinganishwa na za dubu wengine, na homoni za tezi ya shingoni, zile zinazouamuru mwili uchome chakula kwa kasi, ziko chini mno. Manyoya mazito humhifadhia kajoto kadogo alikonako. Kwa hiyo ukimwona amejilaza juu ya gogo, ujue anaweka akiba.

Akiba yenyewe haitoshi hata kumpa usingizi wa majira ya baridi. Dubu wengi wa nchi za baridi hunenepa, wakaingia pangoni na kulala miezi kadhaa. Mianzi haimpi panda mafuta ya kutosha kwa hilo, hivyo baridi ikizidi yeye hushuka tu mlimani na kuendelea kutafuna.

Hata hivyo, hali si ya chakula duni kama inavyodhaniwa, maana panda anajua kuchagua. Katika milima ya Qinling, jimbo la Shaanxi, majira ya kuchipua hula machipukizi ya mianzi ya chini mlimani, ambayo ndiyo yenye protini nyingi. Yakianza kukomaa na kuwa magumu, hupanda juu kufuata mianzi ya aina nyingine ambayo ndiyo kwanza inachipua. (Kwa Kiswahili jina limemkaa: panda hupanda, milima na miti pia.) Watafiti waliokokotoa chakula chake walishangaa kuona kwamba mgawanyo wa protini anayopata unakaribia ule wa mnyama anayekula nyama tupu. Na nyama hajaikataa kabisa: kamera za porini zimewahi kumnasa akila mzoga.

Basi iliharibika wapi hadi akaiacha? Wapo wanaotaja ulimi. Jeni inayowawezesha wanyama kuonja utamu wa nyama, ile ladha ya mchuzi ulioiva, kwa panda imekufa. Lakini ng'ombe na farasi wanayo na hawali nyama, kwa hiyo huenda jeni hiyo ilikufa baada ya nyama kuachwa, si kabla. Mimi naona sababu nyepesi zaidi ina uzito: mianzi ni mingi, haipukutishi majani mwaka mzima, haikimbii, na haina wagombeaji wengi.

Mabadiliko haya ni ya kale. Panda ana kitu kama kidole cha sita, ambacho kwa hakika ni mfupa wa kifundo cha mkono uliorefuka, na ndicho anachoshikilia mwanzi anapoumenya. Huko Yunnan yamepatikana mabaki ya babu yake wa miaka milioni 6 hadi 7 iliyopita, naye tayari anacho, tena kirefu kuliko cha leo. Inadhaniwa kilifupika kwa sababu mkono huohuo ndio wa kutembelea.

Hatari ya kutegemea mmea mmoja huonekana mianzi inapotoa maua. Hufanya hivyo baada ya miaka mingi, mlima mzima kwa pamoja, kisha hufa yote. Katikati ya miaka ya 1970, baada ya mianzi ya milima ya Min kuchanua, mizoga 138 ya panda ilipatikana. Zamani wangehamia bonde la pili. Siku hizi katikati kuna barabara na mashamba, na ndiyo sababu hifadhi ya taifa ya panda iliyotangazwa rasmi mwaka 2021, yenye kilomita za mraba zipatazo 22,000 katika majimbo ya Sichuan, Shaanxi na Gansu, inajaribu kuyaunganisha tena makazi yaliyokatika. Hesabu ya porini iliyotolewa mwaka 2015 ilikuwa panda 1,864.

Ukienda Chengdu, basi, amka mapema. Saa mbili asubuhi, kukiwa bado na ubaridi, utawakuta wanakula na kupanda miti. Ukichelewa hadi saa sita mchana, hasa wakati wa joto, utaonyeshwa mgongo uliolala, na pembeni yake rundo la kijani la kifunguakinywa kilichopita tu.