Kunadi Bidhaa kwa Heshima Katika Makundi ya Wafugaji wa Kuku

Wafugaji wengi wa kuku nchini Tanzania siku hizi wamo katika makundi ya WhatsApp, ambamo hupeana bei za vifaranga na kuulizana juu ya chakula na magonjwa, na wauzaji wa pembejeo nao wamo humo humo. Muuzaji kuwamo si vibaya, kwani mara nyingi yeye ndiye ajuaye chanjo imefika lini na inatunzwaje. Kinacholeta ugomvi ni namna anavyoinadi bidhaa yake.

Chukulia mfugaji ameandika alfajiri kwamba kuku wake wanapinda shingo, wanaharisha kinyesi cha kijani, na kadhaa wamekufa usiku. Dalili hizo zinaelekeza kwenye kideri, ugonjwa wa virusi usio na tiba. Muuzaji anayemjibu kwa picha ya kopo la unga na maneno "dawa ipo, njoo inboksi" anachukua fedha za mtu aliyefikwa na hasara kwa kitu kisichotibu kideri. Jibu la heshima huanza na ushauri usiomwingizia muuzaji hata senti moja: watenge wagonjwa, usiuze wala kuhamisha kuku, fukia mizoga, mwite afisa mifugo. Baada ya hapo ana haki kamili ya kuandika, "Mimi nina duka la dawa za mifugo. Chanjo ya kideri iitwayo I-2 ninayo. Ni tone moja jichoni kwa kuku asiyeugua, na hurudiwa kila baada ya miezi mitatu." Hilo ni tangazo, tena zuri, kwa sababu msomaji anajua nani anazungumza, anauza nini, na bidhaa hiyo inafaa wakati gani.

Kujitambulisha hivyo si hisani. Sheria ya Ushindani ya mwaka 2003 inakataza mwenendo wa kupotosha au kudanganya katika biashara, na muuzaji anayeingia kwa namba ya pili akajifanya mteja aliyeridhika anawadanganya wenzake wote kwa pamoja.

Namba za simu nazo zina wenyewe. Kuzikusanya kutoka kwenye kundi na kuwatumia watu matangazo, au kuwaunganisha na kundi la mauzo bila kuwauliza, ni kuwakosea adabu. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika tarehe 1 Mei 2023, inampa mtu haki ya kudai taarifa zake zisitumike kwa matangazo ya biashara.

Kuhusu siku na idadi ya matangazo, muulize msimamizi wa kundi kabla ya kutuma.

Mteja akilalamika kwamba chanjo haikufanya kazi, mjibu pale pale ulipoinadi, wala usiombe ujumbe wake ufutwe. Muulize tarehe ya mwisho wa matumizi iliyoandikwa kwenye chupa, kama ilikaa kwenye ubaridi njiani, na kama kuku walikuwa wameshaanza kuugua, ili wafugaji wengine nao wapate kusoma majibu.