"Auzwe Yule Beki!": Tunayoyaamini Mashabiki wa Ohio State na Ukweli Wake

Jumatatu ya Oktoba 14, 2024, nilifika kazini nikakuta kesi imeshasikilizwa na hukumu imetoka. Mshtakiwa: Denzel Burke, beki wa pembeni wa Ohio State, timu ya chuo kikuu inayocheza futiboli ya Kimarekani. Kosa: Jumamosi usiku kule Eugene, nyumbani kwa timu ya Oregon, mpokeaji wao, Evan Stewart, alikuwa akidaka pasi mbele yake kama mtu anayechuma maembe, na timu yetu ikalala 32-31.

Meza yetu ya chai hapa Columbus, mji wa Ohio State, ina watu wanne. Mimi wa Tanga, ndugu mmoja wa Bukavu, Msomali aliyekulia kambi ya Dadaab akajifunzia Kiswahili huko, na mzee mmoja mzaliwa wa Ohio ambaye tunamtafsiria mabishano yetu. Kichekesho ni kwamba yeye ndiye pekee aliyewahi kuucheza mchezo wenyewe.

"Auzwe," alisema wa Bukavu. Nikamwambia kaka, mwanafunzi wa chuo hauzwi. "Basi aazimwe."

Kwa asiyeujua mchezo: kila upande una wachezaji 11 uwanjani, na timu yenye mpira ina majaribio manne ya kusogea yadi 10. Ikishindwa, zamu yake imekwisha. Wanaoshambulia na wanaolinda ni watu tofauti kabisa, hawa wakiingia wale wanatoka. Sisi tuliolelewa na soka tunalisahau hilo kila wiki.

"Beki kapitwa, beki ndiye mbovu"

Kamera hufuata mpira, na mpira ukitua kwa mpokeaji unamwona beki mmoja akiwa hatua mbili nyuma. Picha hiyo ndiyo inayokwenda kuwa ushahidi. Hatuoni kilichotangulia: je, beki alipangiwa kukaba peke yake, au alipaswa kupata msaada wa beki wa nyuma? Na kwotabaki wa Oregon, yaani mrusha pasi wao, Dillon Gabriel, alisimama na mpira muda gani kabla ya kurusha?

Swali hilo la pili lina jibu kavu. Usiku ule Ohio State hawakumwangusha Gabriel hata mara moja. Sifuri. Mpe kwotabaki mzuri muda wa kutazama uwanja mzima, halafu umlaumu aliyeko mwisho wa mnyororo! Hakuna binadamu anayeweza kumkimbilia mpokeaji milele bila kujua anageukia wapi.

Timu hizo zikakutana tena Januari mosi 2025, uwanja wa Rose Bowl, robo fainali ya mchujo wa kitaifa. Burke yumo. Gabriel yumo. Ohio State walikuwa mbele 34-0 kabla Oregon hawajapata alama hata moja, na mchezo ukaisha 41-21. Gabriel aliangushwa mara nane. Katikati ya Oktoba na Januari, kocha wa ulinzi Jim Knowles alikuwa amebadili namna ya kuwapanga na kuwatuma watu wake, ili kwotabaki asijue mapema nani anamjia na nani anarudi nyuma kukaba. Mabeki wale wale wakaonekana wapya.

Nilimkumbusha wa Bukavu habari za mkopo. Akasema yeye alikuwa anamzungumzia mtu mwingine.

"Ulinzi hupimwa kwa matokeo"

Novemba 30, 2024, nyumbani, mbele ya watu zaidi ya 100,000, tulifungwa na mahasimu wetu Michigan 13-10. Kwa mtu wa Columbus hilo ni msiba wa ukoo, na ilikuwa mara ya nne mfululizo. Jumatatu yake mezani palikuwa na matanga, na ulinzi ulichambuliwa pamoja na wengine wote.

Tuzihesabu hizo alama 13. Tachidauni pekee ya Michigan, yaani kuuvusha mpira mstari wa mwisho wa mpinzani, ilipatikana baada ya Will Howard, kwotabaki wetu, kurusha pasi ikanyakuliwa na Aamir Hall, aliyeikimbiza hadi mlangoni kabisa. Walinzi waliingia uwanjani wakiwa wameshasimamishwa kwenye mstari wao wa mwisho. Upande wa pili, mpigaji wetu alikosa mara mbili kuupitisha mpira kati ya nguzo. Ulinzi unaofungwa alama 13 na bado timu ikapoteza una haki ya kuuliza wenzake walikuwa wapi.

Lakini mzee wetu alinikatalia hapo, na nakubali alinishinda. Dakika za mwisho, mambo yakiwa 10-10, Michigan walisogea taratibu, wakakimbiza mpira katikati ya watu wetu wakubwa, hadi mpigaji wao Dominic Zvada akaupitisha kati ya nguzo kutoka karibu zikiwa zimebaki sekunde 45. Safari ile hawakupewa na mtu mwingine. Ulinzi ndio ulioiruhusu.

Ndiyo maana wanaouelewa mchezo hawatazami ubao wa alama peke yake. Wanauliza mpinzani alipata mpira mara ngapi, alianzia wapi, na kila mara alipoupata alitoka na nini.

"Kila aliyeumia ana mbadala wake"

Makocha wa Marekani wanapenda kusema anayefuata ajitokeze. Kauli tamu, ila kwenye safu ya mbele inayomlinda kwotabaki haiendi hivyo. Watano wale hucheza kama vidole vya mkono mmoja.

Josh Simmons, aliyekuwa akilinda upande wa kushoto, aliumia goti kwenye mchezo ule wa Oktoba na Oregon na msimu wake ukaishia hapo. Mchezo uliofuata, dhidi ya Nebraska, tulipona 21-17 kwa kubahatisha. Mbadala wa moja kwa moja alikuwepo kwenye orodha, lakini dawa ilipatikana kwa kumhamisha Donovan Jackson kutoka nafasi ya jirani kwenda ya Simmons, na mwingine kuziba pengo la Jackson. Jeraha moja, watu wawili wanajifunza kazi mpya. Mwezi mmoja baadaye Seth McLaughlin, wa katikati, akachanika kano ya kisigino mazoezini, na Carson Hinzman akasogezwa pale.

Na hili linagusa ulinzi, ingawa mezani kwetu lilichukua wiki kueleweka. Washambuliaji wakishindwa kushikilia mpira, walinzi hurudi uwanjani kabla hawajamaliza kunywa maji. Mtu wa kilo 140 akiitwa tena baada ya dakika mbili za kupumzika, miguu yake itamwambia kocha ukweli katika robo ya nne.

"Sheria inamkataza kocha kutaja majeruhi"

Makocha wengi hujificha nyuma ya faragha, na undani wa ugonjwa wa mtu kweli si wa kutangazwa. Lakini Big Ten, ligi ya Ohio State, tangu 2023 inazitaka timu zitoe orodha ya wasiokuwepo na wenye shaka angalau saa mbili kabla ya mchezo. Haisemi kama ni goti au bega. Sababu kubwa ni kamari: habari za ndani zina bei, na mwanafunzi anayekaa chumba kimoja na majeruhi anaweza kushawishiwa aziuze. Kocha anayesema "tutaona Jumamosi" kwa kawaida anamficha mpinzani tu.

"Kofia ile inazuia ubongo kutikisika"

Haizuii. Kazi yake ni kulinda fuvu lisipasuke. Ubongo unaelea ndani, na kichwa kikisimama ghafla wenyewe unaendelea na safari. Ndiyo sababu tangu 2013 anayemlenga mwenzake kichwani kwa kishindo anatolewa nje, hata kama mashabiki wake wanazomea.

Kuhusu wanaojilaza chini ili kuvunja kasi ya mpinzani, Msomali wetu ana neno lake ambalo siwezi kuliandika hapa. Tangu msimu wa 2025, mchezaji akilala wakati mpira umeshawekwa tayari na wahudumu wakaingia, timu yake inakatwa muda wake wa mapumziko, na ikiwa haina tena, inarudishwa yadi 5.

"Ubingwa ule ulinunuliwa"

Hii ndiyo inayoniudhi, labda kwa kuwa ina nusu ya ukweli. Ohio State walitwaa ubingwa Januari 20, 2025, wakiifunga Notre Dame 34-23 mjini Atlanta, na mkurugenzi wao wa michezo, Ross Bjork, alishasema hadharani kwamba kikosi kile kiligharimu karibu dola milioni 20. Tangu Julai 2021 wachezaji wa vyuo wanaruhusiwa kulipwa kwa matumizi ya majina na sura zao. Howard alitoka Kansas State, mkimbiaji Quinshon Judkins alitoka Ole Miss. Pesa ilikuwepo.

Sasa njoo kwenye ulinzi, ule uliofungwa alama chache kuliko wote nchini msimu ule. Kati ya wale 11 wa kwanza, waliotoka vyuo vingine ni wawili: Caleb Downs wa Alabama na Davison Igbinosun wa Ole Miss. Tisa walianzia hapa hapa. Jack Sawyer ni mtoto wa Pickerington, mji wa jirani ambako nakwenda kukata nywele. Yeye na wenzake kadhaa wangeweza kwenda kucheza kulipwa mwaka mmoja nyuma. Wakabaki.

Nusu fainali dhidi ya Texas, Januari 10, tukiwa mbele 21-14, Texas walifika yadi moja kutoka kwenye mstari wetu. Yadi moja ni hatua ya mtoto. Wakarushiana mpira kwenda pembeni, wakazolewa nyuma hadi yadi ya nane. Jaribio la nne, Sawyer akamfikia kwotabaki wao, Quinn Ewers, akamkumba, mpira ukachomoka ukatua mikononi mwa Sawyer mwenyewe, naye akatimka yadi 83 hadi upande wa pili. Ewers alikuwa amewahi kuwa mwanafunzi wa Ohio State mwaka 2021, na hao wawili walikuwa wakiishi chumba kimoja.

"Siku hizi wanahama wakitaka"

Zamani aliyehama alikaa benchi mwaka mzima. Mwaka 2021 aliruhusiwa kuhama mara moja bila adhabu hiyo, na tangu 2024 idadi haina ukomo mradi masomo yake yako sawa. Ila dirisha la usajili lipo, kama kwetu. Kwa mwaka 2026 liliwekwa moja, Januari 2 hadi 16, ukiacha wale ambao kocha wao mkuu ameondoka. Na kuliingia si tiketi ya kwenda pazuri: wapo wanaotoka wakitafuta nafasi wakakosa hata ile waliyokuwa nayo.

Nafasi zenyewe nazo zina ukomo mpya. Baada ya Jaji Claudia Wilken kuidhinisha, Juni 2025, makubaliano ya kumaliza kesi ya wachezaji wa vyuo, vyuo vinavyoyafuata vinaweza kugawana mapato na wachezaji wao, na kikosi kisizidi watu 105. Wengi walishangilia wakilinganisha na nafasi 85 za zamani za kufadhiliwa masomo. Wakasahau kwamba vikosi vingi vilikuwa na zaidi ya watu 105, wengine wakijilipia ada wenyewe, na hao ndio waliokuwa hatarini kufungiwa mlango.

"Wanane wameondoka na kocha juu, kwisha habari"

Hiyo ilikuwa ya kiangazi cha 2025, na nakiri nilikuwa mmoja wa waliosema. Kati ya walinzi 11 waliobaki walikuwa watatu: Downs, Igbinosun na Sonny Styles. Wanane wote waliotoka walichaguliwa na timu za kulipwa, Burke akiwemo, aliyekwenda Arizona. Basi akauzwa kweli, kwa namna yake. Knowles alihamia Penn State, nafasi yake akapewa Matt Patricia.

Agosti 30, mchezo wa kwanza, wakaja Texas waliopangwa namba moja nchini. Wakaondoka na alama 7. Zaidi ya mara moja walijaribu jaribio la nne wakagota ukutani. Ikaisha 14-7.

Jumatatu ilikuwa sikukuu ya wafanyakazi, hatukuonana. Jumanne nimefika na chupa yangu ya chai, wa Bukavu ameshawahi, na kesi iko mezani. Mshtakiwa safari hii ni washambuliaji wote kwa pamoja.

"Alama kumi na nne," ananiambia, "nyumbani kwao?"