Usiilaumu jigso kabla hujaitazama bledi

Fundi akikupa kijana wa kujifunza kazi, mashine ya umeme anayomkabidhi kwanza mara nyingi ni jigso, msumeno wa mkono wenye bledi nyembamba iliyosimama wima, wa kukatia mikunjo na kona. Ni ndogo, nyepesi, na haitishi kama msumeno wa duara. Ndiyo maana watu hawaichukulii kwa uzito, na maneno mengi yanayosemwa juu yake karakanani hayana ukweli.

"Hii haikati mtu." Ni kweli jigso hairuki kumrudia mtumiaji kwa nguvu kama msumeno wa duara. Lakini bledi yake inatokeza chini ya ubao, mahali usipopaona, ikipanda na kushuka hata mara 3,000 kwa dakika. Kidole kinachoumia ni cha ule mkono ulioshikilia ubao kwa chini. Funga ubao mezani kwa klampu, chungulia kama chini hakuna mguu wa meza wala waya wa mashine yenyewe, kisha mikono yote miwili ibaki juu. Mashine iwashwe bledi ikiwa bado haijagusa ubao, na isiinuliwe mpaka bledi isimame kabisa. Miwani ya kukinga macho si jambo la kujadili.

"Ukiona haiendi, isukume." Hili ndilo linaloharibu kazi kuliko yote. Jigso ilianzia kwenye cherehani: mwaka 1946, huko Uswisi, Albert Kaufmann wa kampuni ya Scintilla alitoa sindano ya cherehani na kuweka kipande cha msumeno mahali pake. Mpaka leo bledi imeshikwa upande mmoja tu, juu, chini inaning'inia. Ukiisukuma kwa nguvu inapinda. Juu unaona mstari umeifuata penseli vizuri, ukiugeuza ubao unakuta chini umekwenda njia nyingine. Kwenye mninga wa inchi mbili tofauti hiyo inatosha kuharibu kiungo kizima, halafu lawama inaishia kwa mashine na duka lililoiuza.

Jigso isipokwenda, tazama bledi kwanza. Huenda imekwisha makali, au meno yake hayalingani na kazi. Mbao inataka meno makubwa, kati ya 6 na 10 kwa inchi. Bati na mabomba ya chuma yanataka meno madogo, 20 au zaidi, ili angalau meno mawili yawe ndani ya unene wa chuma wakati wote. La sivyo jino moja linanasa na kukatika. Soma pia herufi zilizogongwa kwenye bledi: HCS ni ya mbao, HSS ni ya chuma, na BIM ni ile ngumu kwenye meno lakini inayokubali kupinda bila kuvunjika. BIM ni ghali kidogo, ila mimi naona inalipa. Unapobadilisha, plagi iwe nje ya soketi, na usiishike bledi iliyotoka kukata sasa hivi, inaunguza.

"Ile swichi ya pembeni, 0 mpaka 3, ni ya spidi." Siyo. Spidi ina gurudumu lake, mara nyingi karibu na kitufe cha kuwashia. Ile ya pembeni inaifanya bledi icheze mbele na nyuma huku ikipanda na kushuka. Namba 3 ni ya kupasua haraka mbao laini kama misonobari, na inaacha mkato wenye manyoya. Namba 0 ni ya chuma, plaiwudi nyembamba na kona kali. Kwa chuma na plastiki punguza na spidi pia, maana plastiki ikipata joto inayeyuka na kujishika tena nyuma ya bledi.

"Uso mzuri ukae juu uuone." Kinyume chake. Meno ya bledi ya kawaida yanatazama juu, yanakata yakipanda, kwa hiyo kinachobanduka ni uso wa juu. Fomeka, yaani ubao wenye ngozi ngumu ya plastiki, na plaiwudi yenye ngozi nzuri vilazwe kifudifudi, mstari uchorwe mgongoni. Kama unatoboa nafasi ya sinki kwenye kaunta iliyokwisha kufungwa, kugeuza haiwezekani. Hapo toboa kwa drili tundu la kuingizia bledi, na tumia bledi ya meno yaliyogeuzwa chini. Ikandamize mashine vizuri, kwa sababu bledi hiyo inajaribu kuinyanyua.

"Umeme ukikatika, mashine imezima." Imesimama tu. Jigso nyingi zina kitufe kinachofunga swichi ibaki imewashwa ili kidole kisichoke. Umeme ukikatika watu wanaweka mashine mezani na kwenda kunywa chai. Umeme ukirudi, jigso inaanza kukimbia yenyewe, pengine mtoto wa jirani ameishika. Fungua kitufe, chomoa plagi, kisha nenda kwenye chai.

"Vumbi la mbao ni kitu cha asili." Tangu 1995 Shirika la Kimataifa la Utafiti wa Saratani limeliweka vumbi la mbao katika kundi la vitu vinavyosababisha saratani kwa binadamu. Vumbi la mvule kwa wengine linaleta pumu na upele. Vaa barakoa ya vumbi. Leso ya kufunga puani haitoshi.

"Plagi haina waya wa ardhi, hii feki." Tazama kibandiko. Ukiona mraba mdogo ndani ya mraba mkubwa, mashine ina kinga mbili na imetengenezwa kutumia nyaya mbili tu.

"Ni ya Marekani, ibadilishe plagi tu." Hii ni kwa wanaoletewa zawadi na ndugu walio ughaibuni. Umeme wa Marekani ni volti 120, wetu ni 230 hadi 240. Kubadilisha plagi hakubadilishi volti, na mota itaungua mara tu ukiiwasha. Kinachotakiwa ni transfoma ya kushusha umeme, yenye uwezo unaozidi wati zilizoandikwa kwenye mashine. Jigso nyingi ni kati ya wati 400 na 800.